Kopo la Waliokabidhi Kalamu

Mheshimiwa mgeni rasmi, ndugu mwenyekiti wa bodi ya shule, walimu wenzangu, wazazi, na ninyi wanafunzi mnaochungulia masinia kabla sijamaliza salamu: karibuni tumuage mwalimu wetu wa Kiingereza, Mama Kopo.

Nani hapa hakufundishwa na mama huyu kwamba Waingereza, mtu akikata tamaa, husema "give up"? Na nani amesahau alivyoeleza asili yake? Zamani, alituambia, maana yake ilikuwa kukabidhi: mlinzi akishindwa, anamkabidhi mshindi ngome. "Kwa hiyo darasani kwangu," akasema, "hakuna kukata tamaa kimyakimya. Ukishindwa, njoo mbele, ukabidhi kalamu."

Tulicheka, jamani. Lakini sikucheka mwaka aliofariki mama yangu, nilipoona masomo yamenishinda. Nilikwenda nikampa kalamu. Hakunibembeleza, wala hakunipigia methali. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye kopo tupu la maziwa lililokuwa mezani kwake, akasema, "Nimeipokea, mwanangu. Ukiitaka, iko hapa." Nikakaa nyumbani, nafua nguo za wadogo zangu huku nawaza lile kopo. Niliporudi, alinyoosha mkono, akanipa kalamu, akageukia ubao. Hata "ulikuwa wapi" hakuuliza! Ndiyo maana leo mwalimu mkuu wenu ni mimi. Wenye malalamiko mpelekeeni yeye.

Sasa, juzi mama huyu aliingia ofisini kwangu. Mnajua tulivyomwomba kwamba hata akistaafu, asiwaache watu wazima wa darasa la Jumamosi, wale pale nyuma waliokuja na sare zao za kazi. Akasema, "Mkuu, macho yamechoka, na mwenyewe nimechoka. Hilo limenishinda." Akaniwekea mezani kalamu yake nyekundu.

Mwalimu, nilitaka kukupigia magoti. Ningekubembeleza mpaka ujute kunifundisha kusema. Lakini sheria ni yako, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Niliipokea kwa mikono miwili.

Iko hapa mfukoni, na leo itaingia kwenye kopo hili ulilotuachia. Nenda kapumzike, mama. Tunakuhitaji, ni kweli, ila tunakupenda zaidi ya tunavyokuhitaji.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza, hasa wenye njaa. Nawe, mama, kopo litakaa mezani kwangu. Siku ukija, nitanyoosha mkono tu. Sitakuuliza ulikuwa wapi.