Lipa kwa Pesa ya Aliyekuchemshia Chai: Dada Burulkan Aaga Meza Yake

Tarehe 30 Mei 2025, baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi, Dada Burulkan Asanalieva anastaafu rasmi katika shirika letu la safari la Karlygach, hapa Bishkek. Anaondoka na afya yake, magoti yake yote mawili, na sauti ambayo bado inafika ghorofa ya pili bila simu. Uongozi umetupa sisi wa idara ya hesabu kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, kwa maneno ya meneja, "nyie ndio mliogombana naye zaidi." Ni kweli. Tumeambiwa pia tusilalamike. Tutajitahidi.

Dada Burulkan alizaliwa Naryn mwaka 1967. Aliajiriwa mwaka 1998 akiwa konda wa basi letu la wafanyabiashara, lile lililokuwa likivuka mlima kwenda Kashgar, Uchina. Abiria wa siku hizo walificha dola kwenye viatu, ndani ya mikate, na bwana mmoja ndani ya kofia ya manyoya ambayo baadaye aliisahau mgahawani. Safari moja muuza kofia alikwisha kukaa kwenye kiti chake ndipo akagundua kwamba mbadilishaji wa barabarani alikunja noti katikati na kuihesabu mara mbili. Dada Burulkan alimzuia dereva, akashuka, akarudi amemshika yule mbadilishaji mkono kama mgeni wa heshima, akamtaka atandaze noti juu ya boneti. "Hesabu taratibu, kaka," akamwambia. "Injini ina moto, pesa haitapata mafua." Basi zima lilihesabu naye kwa sauti. Walipofika mwisho, yule bwana aliongeza zilizopungua na kumwomba radhi kila mtu, hata dereva.

Mwaka 2006 alihamishiwa dirisha la tiketi. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi, basi. Hakuna barua yoyote iliyomtuma kuchungulia mifuko ya watu. Lakini ukikata tiketi ya Istanbul, Dada Burulkan alikuuliza unataka kiti cha dirishani au cha pembeni, halafu, bila kuvuta pumzi, "Na pesa ya safari iko wapi? Nionyeshe." Wengine walikasirika. Foleni ilifika mlangoni. Alionywa kwa mdomo, kisha kwa maandishi, na idara hii, tusifiche, iliunga mkono yale maandishi. Yeye alisema mtu anayempa abiria tiketi na kumwacha anyonywe kwenye kibanda cha kubadilishia fedha ni sawa na anayemvalisha mgeni koti zuri na kumsukuma kisimani.

Kilichobadilisha mambo ni familia ya Emilbek wa Kochkor, majira ya kuchipua ya mwaka 2014.

Emilbek alikuwa na binti wa miaka kumi na mmoja, Aijamal, aliyezaliwa na tundu kwenye moyo. Hospitali moja ya Delhi ilikubali kumfanyia upasuaji kwa rupia 390,000, zilipwe zote kabla mtoto hajaingizwa chumba cha upasuaji. Familia iliuza farasi majike tisa, ndugu wakachanga kama ndugu wanavyochanga, na zikapatikana dola 6,800, noti sitini na nane za mia mia. Kwa kiwango cha siku zile zilitosha, na kidogo kingebaki cha kula. Malazi walikwisha kutulipa. Emilbek alikuja kuchukua tiketi akiwa na mama yake, Bi Shaarkan. Ndege ilikuwa inaondoka kesho yake jioni.

Dada Burulkan akasema lile neno lake, nionyeshe. Emilbek akafungua kitambaa. Ofisi nzima ikanusa.

"Kaka," akasema Dada Burulkan, "hizi pesa mmezipika?"

Bi Shaarkan akajibu mwenyewe, bila aibu. "Nimezifukiza mreteni, mwanangu. Kitanda cha mtoto nilikifukiza, bibi harusi nilimfukiza, leo pesa inayokwenda kuokoa roho iende nchi ya watu bila moshi?"

Kila mtu hapa ameshafukizwa mreteni, mti wa milimani ambao moshi wake hufukuza mabaya, kwa hiyo hakuna aliyecheka. Lakini cheche zilikuwa zimeanguka kutoka kwenye majani. Noti ishirini na sita zilikuwa na pembe za kahawia, nyingine zimetoboka. Na kila mtu hapa anajua pia kwamba vibanda vyetu hukataa dola kwa sababu imekunjwa vibaya, sembuse iliyoungua.

Dada Burulkan alifunga dirisha la tiketi saa nne asubuhi, foleni ikimtazama, akavaa koti na kuondoka nao. Alikwenda dirisha la kwanza la kubadilishia fedha. Kijana wa pale alizishika zile noti kwa kucha mbili, kama anayemtoa panya kwenye unga, akazirudisha. Dirisha la pili halikutaka hata kunusa. Dirisha la tatu lilikubali kutoa noti safi kwa kukata asilimia kumi na tano. "Tena kwa sababu ni wewe, dada," akasema mwenye dirisha.

"Kwa sababu ni mimi? Ningekuwa adui yako ungenivua na koti?"

Asilimia kumi na tano ya dola 2,600 ni dola 390. Wangebaki na 6,410. Kama wangezibadilisha zote uwanja wa ndege wa Delhi, ambako walikuwa wanatoa rupia 54 kwa dola, wangepata rupia 346,140, pungufu ya ada ya hospitali kwa 43,860. Hesabu hii aliipigia simu idara yetu na sisi tukaifanya, kwa maana Dada Burulkan ana vipaji vingi lakini kuzidisha si kimojawapo. Tulipomtajia upungufu aliurudia kwa sauti. Kwenye simu tulimsikia Bi Shaarkan akimuuliza mwanawe, "Ni mimi, eh? Ni mimi nimemchomea mtoto?"

Dada Burulkan alimjibu kabla Emilbek hajafungua mdomo. "Mama, moshi haujakosea. Uliokosea ni moto. Twende."

Aliwapeleka benki. Benki haina mapenzi zaidi na noti iliyoungua kuliko kibanda, lakini alikuwa amewahi kumsikia abiria mmoja akisimulia kwamba ukiomba zibadilishwe kwa noti safi watakukata sana, na ukiomba ziingizwe kwenye akaunti watakukata kidogo, mradi zaidi ya nusu ya noti ipo. Hakuwa na hakika. Alikwenda hivyo hivyo. Waliambiwa asilimia mbili. Dola hamsini na mbili! Dada Burulkan alimbusu karani wa benki kwenye paji la uso, kitendo ambacho hakimo katika taratibu za benki yoyote.

Emilbek akatoka na kadi yenye dola 2,548, na mkononi dola 4,200 zilizo safi. Bi Shaarkan aliichukua ile kadi akaigeuza huku na huku. "Farasi wangu watatu na nusu wameingia humu?"

"Wameingia, mama, na kwato zao."

"Na huko Delhi watatokaje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali, na Dada Burulkan alimfundisha Emilbek majibu yake akiwa amesimama naye kando ya barabara. Uwanja wa ndege asibadilishe hata dola moja, dereva wetu atampokea. Mjini apite madirisha matatu kabla ya kutoa chochote. Asiulize kiwango ni ngapi, kwa sababu kiwango huandikwa kwa wino mkubwa na makato kwa wino mdogo. Aulize hivi: nikikupa dola mia moja, mkononi mwangu utaweka rupia ngapi, zote, za mwisho? Na anayekuambia "bila makato" amekwisha kukata. Emilbek aliyarudia yote kama mtoto wa chuo, akaondoka.

Delhi alipita madirisha matatu. La kwanza 57, la pili 58, la tatu 59 na nusu, mkononi, za mwisho. Alipata rupia 249,900. Zilizobaki zilikuwa zitoke kwenye kadi, hapo hapo kwa keshia wa hospitali.

Tulikuwa tunakunywa chai simu ilipolia. Emilbek alikuwa ananong'ona, nyuma yake watu wakisukumana. "Dada, mashine inaniuliza nilipe kwa dola au kwa rupia. Kadi si ina dola? Keshia anasema dola ni rahisi, nitaona hesabu yangu mwenyewe. Nibonyeze dola?"

"Usiguse! Ondoa kidole!"

"Nimeondoa. Wananitukana huku, dada."

"Waache watukane, matusi ni bure. Sasa hivi chai umeinywa kwa nani, kwangu au kwa Wahindi?"

"Kwa Wahindi."

"Basi lipa kwa pesa ya aliyekuchemshia chai. Rupia!"

Wasomaji wanaopenda hesabu wapate haki yao. Angebonyeza dola, mashine yenyewe ingemchagulia kiwango, na ile ilionyesha 55 na nusu: rupia 141,414. Kwa kubonyeza rupia, benki yake ndiyo iliyogeuza, kwa 59: rupia 150,332. Kidole kile kimoja kilikuwa na thamani ya rupia 8,918. Baada ya kulipa hospitali, Emilbek alibaki na rupia 10,232 za kula yeye na mtoto. Kwa kidole kingine angebaki na 1,314, na kukaa huko bila kumjua mtu wa kumkopa hata ndizi.

Siku ya upasuaji Dada Burulkan hakusema neno. Waliofanya kazi naye wanajua uzito wa sentensi hiyo. Alikata tiketi, akarudisha chenji, hakumuuliza abiria yeyote pesa yake iko wapi. Mmoja aliyemzoea aliitoa mwenyewe akaionyesha kwa huruma. Alasiri ya kesho yake simu ikalia. Tulimwona akisikiliza, akiwa amefumba macho. Kisha akaweka simu chini na sauti yake ikarudi, ikafika ghorofa ya pili na kupita. "Amekula ndizi! Amekula ndizi, na analalamika kwamba haina utamu!" Mhasibu mkuu wetu, mtu ambaye hatukuwahi kumwona akilia hata wakati wa ukaguzi, alitoka nje kuangalia hali ya hewa.

Kuanzia mwezi uliofuata ile tabia ya Dada Burulkan ikawa kazi yake halali, ikapewa jina, Meza ya Pesa za Safari, na ikawekwa karibu na mlango, mahali penye upepo, kwa sababu huku ndani hapakuwa na nafasi. Mshahara haukuongezwa. Tunalitaja kwa kuwa tulipeleka barua tatu na hazijajibiwa hadi leo. Kwenye meza hiyo wamepita mahujaji, wauza nguo, wanafunzi, wagonjwa na maharusi. Mkasi wake umefumua dola zilizoshonwa kwenye makoti yasiyo na hesabu. Si kila alilosema lilikuwa sahihi: mwaka mmoja alimshauri mwalimu aliyekuwa anakwenda Istanbul abebe lira kutoka hapa, lira ikaanguka kabla ya ndege kutua. Alimlipia chakula cha mchana kila Ijumaa hadi mwalimu mwenyewe akaomba yaishe.

Kuna kibanda kimoja cha fedha, jina halina haja, kilichotuandikia kikitaka tuwapeleke abiria wetu kwake, nasi tupate asilimia moja. Idara yetu ilishika kikokotoo. Zingekuwa dola elfu nne kwa mwaka, na paa la ofisi lilikuwa linavuja. Dada Burulkan aliuliza hiyo asilimia moja inatoka kwenye mfuko wa nani. Tukazima kikokotoo. "Basi wekeni ndoo," akasema. Ndoo ipo bado. Abiria pia wapo bado, na wanarudi na ndugu zao, na hilo ndilo lililolipa mishahara ya wote tunaokula boorsok, maandazi yetu ya sherehe, leo.

Sasa jambo ambalo wengi hawalijui. Mtu huyu aliyewaandaa wasafiri wa nchi nyingi hivyo hajawahi kupanda ndege. Kashgar alikwenda kwa basi, na pesa ya kwenda kwingine haikupatikana. Wiki ijayo anaruka kwenda Istanbul, kwa binti yake Kanyshai, aliyejifungua mtoto wa kiume mwezi uliopita. Wafanyakazi tumemchangia dola 1,200. Tumezichagua wenyewe, noti kumi na mbili, mpya, hazijakunjwa, hazijaandikwa kitu, hazinuki kitu.

Mreteni pia upo. Umeletwa leo na Aijamal, ambaye sasa ana miaka ishirini na miwili na amepanda ngazi zetu zote bila kupumzika. Ni kutoka mlima wa nyanya yake, Bi Shaarkan, aliyetutumia salamu pamoja na agizo: afukizwe Burulkan, si pesa zake. Agizo limetekelezwa. Aijamal alimzungushia moshi mara tatu kichwani huku bahasha ikiwa dirishani, upande wa pili wa chumba, ikilindwa na idara ya hesabu.

Dada Burulkan, tunakushukuru kwa kila mfuko uliouchungulia bila kutumwa. Umetuachia watu waliokwenda mbali na wakarudi na nauli yao. Njia yako iwe nyeupe. Uwanja wa ndege usibadilishe kitu, mkweo atakupokea. Mashine ikikuuliza, unajua cha kubonyeza. Ila ukifika kwa Kanyshai weka pochi chini, ukae, unywe. Chai ya hapo umeshailipia.