Nati ya Juu

Ndani ya basi mjini Toledo, Wendell alikumbatia kopo la oili ya giaboksi. Binti yake angeolewa kesho yake, na binti huyo alishaapa haendi kanisani ila kwa gari la marehemu babu yake.

"Giaboksi inavuja?" akauliza mama aliyeketi kando yake, kucha zake nyeusi kwa grisi. "Sili, ile raba ya kuzuia oili, nimeshabadilisha," akajibu Wendell. " Oili yote nikaimwaga." "Na nati ya juu, ya kujazia, uliijaribu kwanza?" Wendell akalitazama kopo lake. "Imeshika kutu, mama. Haigeuki." "Loo! Umemwaga kabla hujajua utajazia wapi! Sasa ng'oa mkono wa gia, umimine kupitia tundu lake." "Marehemu baba hakufanya hivyo hata siku moja!" Basi likasimama. "Ni kwa kuwa baba yako alikuwa akianza na nati ya juu," akasema mama, akashuka.