Shuka ya Saa Nne Kamili

Kwenye kona ya barabara ya kwenda geti la mbuga, pale Voi, kuna benchi la mataruma mawili ya reli ya zamani, na kahawa ya Katuku huchemka hapo tangu alfajiri. Usiulize nani aliyaleta hayo mataruma. Injini, mstaafu wa reli, atakueleza mpaka kikombe kipoe. Kando yake hukaa muuza matunda mmoja ambaye kwa kupenda habari za watu anaitwa Redio. Na mwisho wa benchi, mgongo wima, hukaa Moran. Asubuhi hiyo ya Agosti msimu wa wageni ulikuwa umepamba moto, magari ya watalii yanapita na vumbi jekundu, na Moran alikuwa amekasirika.

Mapajani alikuwa na shuka nyekundu, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Ililetwa jana yake na Nzau, dereva wa watalii. Kampuni ya Nzau ilikuwa imeamua kwamba kuanzia leo, saa nne kamili, gari litasimama hapo dakika ishirini ili wageni waone wenyeji wakinywa kahawa. Sharti lilikuwa moja tu: Moran avae.

— Sivai, akasema Moran. Sivai ng'o!

— Wee! akasema Katuku. Dakika ishirini tu, itakuuma wapi? Hao ni watu kumi na wanne, na wote watakunywa kahawa yangu. Nzau amesema ukikataa anapeleka gari Miasenyi. Huko wameshakubali, hata mikuki wameazima.

— Wacha mambo ya shuka, akadakia Injini. Shida ni madirisha.

— Madirisha gani tena? akauliza Katuku.

— Zamani treni ilikuwa na dirisha la kufungua. Mgeni anatoa kichwa, ananunua ndizi, mnacheka, mnashikana mikono. Siku hizi treni imefungwa, gari zao zimefungwa, eti baridi ya mashine. Mtu akikaa nyuma ya kioo miaka yote hiyo, anasahau kuongea! Ndiyo maana wanatupiga picha. Wanahakikisha kama bado tuko.

— Wapi! akasema Redio. Mimi nimechunguza hii maneno. Shida ni simba. Simba wamechoka, bana. Gari ikifika, simba anageuka, anawapa mgongo, analala. Sasa mgeni ametoka kwao mbali, ataona nini? Kampuni ikakaa kikao, ikasema simba wakilala tupeleke watu kwa binadamu. Binadamu ukimwambia kaa hapa, anakaa.

— Na ndovu je? Injini akasogea mbele. Wale waliovunja ua huko Ndara juzi, mlidhani walifuata mahindi? Walikuja utalii! Wamechoka kutazamwa, wakasema na sisi twende tukawaone hao wenyeji.

— Aki ndovu nao watuletee shuka! akasema Redio.

Wakacheka mpaka Katuku akaweka birika chini. Moran hakucheka.

Miaka kumi na tisa alisimama mlangoni pa loji moja, mkuki mkono huu, sinia ya taulo za maji mkono ule. Loji ilimpa shuka, shanga, na jina na kabila visivyo vyake. Wamaasai wenyewe, wenye shuka zao na heshima zao, walikuwa wakipita pale wakimtazama na kutabasamu kwa upole, naye akitamani ardhi ipasuke. Kazi ilipokwisha alikuja kijiweni, na siku ya kwanza bado alikuwa na shanga shingoni. Injini akapiga kelele: karibu, Moran! Naye, mjinga yeye, akafurahi. Leo ni miaka kumi na moja. Hakuwa na wa kumlaumu zaidi ya nafsi yake.

— Kwani huwapendi wageni? Katuku akauliza, sauti imeshuka.

— Nawapenda, mama. Hiyo ndiyo inaniuma. Kuna mzee wa kwao alikuwa ananiandikia kila Krismasi, miaka sita mfululizo. Barua nzuri kabisa, na juu ya bahasha jina si langu. Nilikuwa nazisoma kama mtu aliyefungua barua ya jirani.

Akaiweka shuka kando yake.

— Kwa hivyo sikilizeni. Nitakaa hapa. Nitakunywa kahawa na wao, nitaongea nao mpaka koo likauke. Lakini na shati langu hili hili. Wakitaka Miasenyi, waende Miasenyi.

Saa nne kamili gari likasimama. Nzau akaruka chini, akaona shati, uso ukamharibika.

— Moran! Si tulikubaliana?

— Ulikubaliana na nani?

Wageni wakashuka, simu juu. Mmoja, mama wa kizungu mwenye mvi, hakutoa simu. Alitoa kidaftari, akaja hadi kwenye benchi.

— Hamjambo wote? Nataka picha, lakini kwanza naandika majina. Huyu baba anaitwa nani?

— Anaitwa Moran, Nzau akasema haraka.

— Hapana, akasema yule mama polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili. Jina la nyumbani. Mama yake alimwita nani?

Nzau akamtazama Injini. Injini, anayekumbuka namba ya kila kichwa cha treni alichowahi kukiendesha, akafungua mdomo, akaufunga. Redio akatazama viatu vyake. Katuku alibaki na birika hewani. Alijua kwamba mtu huyu hatii sukari, alijua goti gani linamsumbua wakati wa baridi, na mkewe alipolazwa ni yeye Katuku aliyempelekea uji siku tisa. Jina lake hakulijua, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

Basi yule tuliyemwita Moran tangu mwanzo wa mazungumzo haya akasimama.

— Naitwa Nicholas Mwandawiro. Mdawida, yaani Mtaita, wa Wusi, huko juu milimani.

Yule mama akaandika, akamwonyesha. Mwandawiro akafuata herufi kwa kidole, moja moja, akasahihisha moja. Halafu likamjia swali ambalo kwa miaka kumi na tisa, na maelfu ya wageni aliowapokea, hakuwahi kumuuliza hata mmoja wao.

— Na wewe, mama, unaitwa nani?

— Hanneke.

Mwandawiro akaikunjua shuka, akaitandika juu ya taruma, akaipapasa ilale vizuri.

— Keti, Hanneke. Katuku, mpe kahawa. Na huyu rafiki yangu hapa, jina lake muulize mwenyewe. Miaka kumi na moja tumekaa benchi moja, na mimi pia silijui.

Injini akavua kofia.

— Wanyonyi, akasema.