Jina Nililoogopa Kuliitika

Assalaam alaykum, ndugu zangu! Haa, hiyo sauti ya watu walokwisha kunusa pilau. Itikieni tena, mpaka sufuria zisikie! Semeni Alhamdulillahi. Semeni tena. Leo mie Kombo Pandu wa hapa Mtoni nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu na pumzi zangu, kabla binti yangu Zuwena hajaozwa, nataka nishuhudie alivyonitoa Mwenyezi Mungu kifungoni. Si kifungo cha jela, la. Mie nilifungwa na jina.

Msicheke. Ngojeni kwanza.

Mnanijua nyote. Kila jioni barazani nakupigieni vita vya Bama, kule Burma tulikopigana na Wajapani, mpaka kahawa inapoa. Nshakwambieni mbu wa kule mmoja akikutua begani, bunduki inakuanguka. Nshakwambieni mvua ya kule ilinyesha hata samaki wakawa wanatuomba mwavuli. Leo n'tajaribu kusema kweli tupu. Chumvi ikinitoka kidogo nisameheni, ulimi una mazoea yake.

Ndugu zangu, jina nilozaliwa nalo si Kombo. Marehemu baba alinipa jina la Nabii, yule alotawala majini na ndege na upepo. Mie hata kuku wangu hawanisikii! N'tawatajia, lakini niacheni nifike. Jina hilo ndilo nilojiandikishia katika jeshi la Mfalme. Kusoma sijui, nikabonyeza dole gumba kwenye wino, nikatiwa kibati shingoni chenye jina na nambari, huyoo, meli mpaka Bama.

Kule ikanishika homa. Ndugu zangu, homa ile! Ungenibandika mkate kifuani ungeiva pande zote mbili. Kikosi chetu kikasonga mbele msituni, mie nikaachwa nyuma katika hema la wagonjwa. Nikawa naongea na marehemu bibi yangu, tunagombana juu ya nazi. Madaktari wakanitia sindano mpaka nikawa chekecheke. Wapi! Nazidi kuwaka.

Kitanda cha pili alilazwa Mcha Ameir wa Makunduchi, bega limefungwa kitambaa. Yule pale, anaekaa karibu na birika. Inua mkono, Mcha! Sio huo, huo una haluwa. Basi Mcha akanitazama, akasema huyu si wa dawa tena. Nyinyi watu wa Unguja sina haja ya kukufunzeni. Mtoto akiugua hapoi, mama zetu husema nini? Jina limemuelemea, libadilishwe. Mcha akavua kile kibati changu, akakifunga kitambaani pamoja na biskuti ya jeshi, maana mbuzi wa kafara pale atampata wapi, akakitosa mtoni. Kisha akainama sikioni kwangu.

"Weye sasa Kombo. Yule mwengine keshakwenda na maji. Umesikia?"

Akawausia watu wa pwani wote mle hemani: jina lile asilitamke mtu. Akiitwa nalo akaitika, homa itarudi, na safari hii haitoki peke yake. Inatoka na yeye.

Asubuhi yake, wallahi, nikaomba uji.

Sasa sikilizeni palipoharibika. Siku zile zile akaja koplo kutoka kikosini kwetu, mtu wa bara, kwao mambo haya hawana. Kasimama mlangoni anaita jina langu la zamani kwa sauti ya gwaride. Hema zima kimya. Mie nshapata fahamu, namsikia vizuri, nikageuza uso. Mcha akasema, "Afande, mtu huyo hapa hayupo." Koplo akaita tena. Kimya. Akaondoka zake.

Sikujua ameondoka na nini.

Nikarejeshwa Unguja na meli ya wagonjwa, na kwa kuwa kibati sina, nimeandikwa Kombo kama wenzangu walivyoniita. Mama yangu, Bi Kazija, alipohadithiwa aliangua kilio cha furaha, akamuombea Mcha mpaka Mcha akaona haya. Akaapa: "Jina lile halitatamkwa nyumbani mwangu." Na halikutamkwa. Nikaoa, nikazaa, nikazeeka vizuri tu. Wenzangu walipoitwa kuvishwa nishani mie nikacheka, nikasema nishani yangu ni uji ule.

Mpaka ikaja posa ya Zuwena.

Imeletwa na Mzee Ussi, sajini wa polisi alostaafu, kumposea kijana wake. Mnamjua Mzee Ussi. Nyumba ile hata bata wanakwenda kwa mstari. Zuwena kafurahi, kijana kafurahi, mama yangu keshaanza kuhesabu mashoga wa kuwaalika. Lakini sajini ni sajini. Kenda kuniulizia ofisi ya serikali kule mjini. Akarudi hapa kwangu, nikamtilia kahawa, kikombe hakukigusa.

"Bwana Kombo, nimekuulizia. Askari alojiandikisha kwa jina la Kombo Pandu hawamjui."

"Ah, hao makarani!"

"Yuko mwengine, mwana wa Pandu huyo huyo wa Mtoni. Yeye wanamjua. Ameandikwa mtoro."

"Mtoro?"

"Kaitwa hakuonekana, vitani. Sasa niambie weye. Kama ndiye, mie mwanangu haoi kwa mtoro. Kama siye, hizo Bama unazotupigia barazani ulizipata wapi?"

Ndugu zangu, ulimi huu mnaoujua ulikauka kama ngisi wa juani. Nikiwa Kombo, mwongo. Nikiwa yule, mtoro. Akasema Shaaban ikiandama bila ya mie kuleta neno la maana, posa anairejesha. Akaondoka, na kahawa yangu imejaa.

Toka hapo sikukaa. Nasema sikukaa! Nikikaa kama nimekalia upupu, nikisimama miguu inataka njia. Natoka Mtoni mpaka Maruhubi, Maruhubi mpaka Malindi, nikifika nasahau nilichofuata, narudi. Makubadhi yangu yaliisha soli, nikawa natembea na kanda tu. Barazani vijana wananichokoza, "Baba Zuwena, mbu wa Bama leo hawaumi?" Mie, mie huyu, nazidisha mwendo!

Nikenda ofisini. Karani mpole, Mungu amuweke. Akasema mambo yanatengenezeka: unaleta ombi la kusahihisha na kukamilisha, unaleta shahidi, dole lako linalinganishwa na lile la siku ulipojiandikisha. Nikaona mambo si hayo, mepesi! Akasema, "Lakini ombi ni lake yule wa jina la kwanza. Bwana mkubwa atakuita kwa jina hilo, wewe uitike mbele yake, ukubali kuwa ndiye. Usipoitika, faili linabaki lilivyo."

Nikahisi homa ya Bama ikinipanda mgongoni.

Nikamwambia mama. Akaziba masikio kwa kanga. "Mwanangu, ukiliitika n'takuzika. Bora mjukuu wangu aolewe mwaka mwengine na mtu mwengine."

Hata hivyo nikamleta Mcha kutoka Makunduchi, tukenda. Sasa oneni vituko. Mcha anatoa ushahidi na jina hataki kulitamka. "Huyu bwana, yule wa mwanzo, si yeye lakini ndiye." Bwana mkubwa, Mzungu mrefu kama mnazi wa Bububu, anamtazama karani, karani anatazama dari. Mwisho Mzungu akanielekea mie, akafungua mdomo aniite.

Hajafika katikati ya jina, mie niko nje.

Nilikimbia! Wale waloniita mtoro, siku ile ndiyo wangenikamata. Nilivuka vichochoro vya Shangani hata paka wananipisha, nikasimama Forodhani nimeshika ukuta, moyo unapiga kama ngoma ya mwaka kogwa kule Makunduchi. Mcha akanifikia, anahema.

"Kombo! Wajapani hukuwakimbia, leo unamkimbia mtu mwenye kalamu?"

"Unaniuliza weye? Si weye uloniambia nikiitika n'takufa?"

Mcha akaegemea ukuta. Akatazama maji. Akasema, "Mie nilikuwa nakutaka uishi tu. Sikujua jengine la kufanya."

Tukarudi Mtoni. Zuwena kasimama nyuma ya pazia, kanisikia nazunguka uani. Akaniambia, "Baba, posa ikirudi na irudi. Mie nnachoogopa ni kukuona unazunguka hivi kama kuku anaetaka kutaga. Kaa, baba. Nakuomba ukae."

Na mie siwezi kukaa! Mwanangu ananiomba kitu kidogo namna hii, na siwezi. Hapo ndugu zangu ndipo niliposhikwa na uchungu. Nikatia udhu, nikatandika msala. Nilipoweka kipaji changu cha uso chini, miguu ikatulia. Nikasema, Yaa Rabbi, nikuulize. Ile homa nani aloiondoa? Mcha na biskuti yake, au Weye? Kama ni biskuti, basi nimekwisha, maana biskuti zile zilikuwa mbovu, nilikuwa nikizila mwenyewe. Lakini kama ni Weye, Weye ulinijua kabla sijapewa jina lolote. Utanijua kwa hili na kwa lile. Nikalia, ndugu zangu. Mie wa kuchekesha watu, nililia msala ukaroa kama nimevulia pweza.

Kulipopambazuka nikamuamsha Mcha. "Twende." Mama akatufuata nyuma, kajifunika buibui, chetezo cha ubani mkononi. Mji mzima unatutazama, wanadhani tunapeleka bwana harusi. Ofisini msimamizi wa mlango akasema moshi hauingii. Mama akamwambia, "Basi na mie siingii, lakini mlango usiufunge."

Nikasimama mbele ya ile meza. Kofia nikaivua, nikaivaa, nikaivua tena, hata karani alidhani nampepea. Mzungu akanitazama, akamwambia karani aende kushika mlango. Kisha akaita, taratibu, kama anaejua uzito wa anachokishika:

"Suleiman Pandu!"

Nikasikia mama kule nje akivuta pumzi. Nikamuona koplo, nikaliona hema, nikausikia ule ukimya wote wa miaka yote ile. Na nikafungua mdomo.

"Naam!"

Ndugu zangu, niliitika! Niliitika hata kunguru wa mti wa nje waliruka, na Mzungu kalamu ikamponyoka. Nikajishika kipaji. Baridi! Nikajishika shingo. Baridi kama mtungi! Nikamwambia Mcha nishike, akanishika, akaanza kucheka na machozi yanamtoka. Karani akasema, "Mzee, si lazima ukague mwili mzima, weka dole tu." Nikaweka dole. Ndilo lile lile. Mcha akasimama, na safari hii akatamka jina langu wazi, akasema jinsi alivyokitosa kile kibati na jinsi alivyomjibu koplo. Hakupunguza hata kidogo.

Haikuchukua muda, nikaitwa. Karani akanisomea. Neno mtoro limekatwa mstari. Suleiman na Kombo wamewekwa pamoja, mtu mmoja, aliugua kazini, alirejeshwa kwao na wagonjwa wengine. Nikamuomba anisomee tena. Akanisomea. Nikamuomba tena, akaniambia mzee wangu na mie nina kwangu.

Mzee Ussi alikuja hapa bila ya kuitwa, kabla mwezi haujaandama. Akasema mbele ya mama, "Askari mgonjwa si mtoro. Niwieni radhi." Akakaa, akanywa kahawa yote, akanywa na ya majirani, birika likawa linalia. Na mie, ndugu zangu, nilikaa mbele yake toka alasiri mpaka magharibi. Nilikaa! Zuwena alichungulia pazia mara kwa mara kuhakikisha.

Basi Alhamdulillahi. Namshukuru Mungu alonipa uhai kwa jina moja na heshima kwa jingine. Namshukuru Mcha, alofanya alilolijua kwa kunipenda. Na nyie mnaokaa hapa, kama yuko mmoja wenu ana kitu kinachomkimbiza, hataki kukisikia, hataki kitajwe nyumbani, mie nakwambieni asikikimbie peke yake. Amkabidhi Mola wake, kisha asimame aitike. Mie nimeitika, na ni huyu hapa, mnene kuliko mwaka jana.

Limebaki moja tu. Mama yangu mpaka leo hajalitamka. Faili limetengenezwa, posa imetulia, bado ananiita Kombo. Simlaumu, yeye ndiye alohofu kunizika. Nilikuwa nataka kukwambieni kwamba...

Hebu nyamazeni. Nyamazeni kidogo. Mmesikia? Huko jikoni.

"Suleiman! We Suleiman! Njoo unipe mkono niteleke hili sufuria!"

Naam, mama! Naja!