Kuka wa Miaka Thelathini na Sita

Pale Lurambi, njia ya vumbi inapokutana na lami, kuna ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na huo ndio ubao wa watu wasio na haraka. Ikifika saa tatu asubuhi, Zeituni wa Mumias hutua birika lake la kahawa ya tangawizi kando yake, na kabla hajasuuza kikombe cha kwanza utakuta wenyewe wameshakaa. Kuna Hezekiah, ambaye wanamwita Daktari kwa sababu alipanga mafaili ya zahanati miaka thelathini. Kuna Ignatius, Hansadi, kama zile kumbukumbu za Bunge, kwa kuwa neno ulilosema mwaka juzi atakurudishia leo bila kupunguza herufi. Na kuna Athman, muuza laini za simu, jina lake Netiweki, maana huwa anapotea katikati ya mazungumzo kisha anarudi. Hatua tatu kutoka hapo, chini ya turubai, Onesmus Were hutengeneza baiskeli. Huyu wamembandika Kuka, ndiyo kusema babu. Hezekiah ana miaka sitini na mmoja na yeye pia humwita Kuka. Onesmus ana thelathini na sita.

Jumatano hiyo Onesmus aliacha gurudumu alilokuwa akiliziba, akapangusa mikono kwenye suruali, akaja na pakiti ndogo ya karatasi.

— Mzee Hezekiah, nisomee hapa. Wameandika Kizungu kidogo kidogo, macho yangu inakataa.

Hezekiah aliisogeza pakiti mbali na uso, akaivuta karibu, akaisogeza tena.

— Hii ni dawa ya kupaka nywele ikuwe nyeusi. Changanya na maji, paka, ngoja dakika ishirini, osha. Kuka, umepata bibi?

— Hapana.

— Sasa unamfichia nani mvi?

— Simfichii mtu. Nimechoka tu kuonekana mzee.

Akakaa pembeni mwa ubao, na Zeituni akamjazia kikombe bila kuulizwa. Alitumaini maneno yangeishia hapo. Lakini kwenye ubao ule neno likianguka haliokotwi na mmoja.

— Mimi naweza kukwambia kwa nini mtu anazeeka mbele ya siku zake, alisema Daktari. Ni maji. Ngozi ya binadamu ni kama nyungu. Ukiiacha kwa jua bila maji, inapasuka. Wewe tangu asubuhi umekunywa nini?

— Kahawa.

— Unaona? Kahawa inakausha.

— Usiniharibie kazi, mzee, Zeituni alisema polepole. Wewe unakunywanga vikombe vinne kila siku na bado uso wako ni kama wa bwana harusi.

— Mimi nalalanga mapema.

— Si maji, si kulala, Hansadi aliingilia. Ni matofari. Huyu amebeba matofari kwa kichwa tangu akiwa mtoto. Sasa fikilia. Uzito unasukuma kichwa chini, si ndio? Mwili unafupika, lakini ngozi inabaki urefu wake wa zamani. Itaenda wapi? Inajikunja kwa uso, kama soksi imelegea. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali ni ya kuweka akiba, Daktari alimrekebisha.

— Na yeye ameweka. Amewekea usoni.

Onesmus alicheka kidogo, akaangalia kahawa yake. Hakuwa na ugomvi na wazee hawa. Walimpa jina la Kuka siku za mwanzo alipokuja na pampu moja na spana mbili, na wakati huo lilikuwa jina la mzaha, likamkaa vizuri kama koti la kuazima. Sasa koti lilikuwa limeota mwilini.

— Nyinyi wote muko mbali, Netiweki alisema, akiinua macho kutoka kwenye simu. Sikizeni. Mungu hapeani miaka kwa mtu mmoja mmoja. Anapeana kwa nyumba. Ni kama bando ya familia. Nyumba ya watu watano, munatumiwa bando moja. Sasa kama kuna mmoja ndiye anafanya kila kitu, anaamka, anapika, anatafuta, huyo ndiye anamaliza bando. Wengine wanabaki wapya, hata hawajafungua. Muangalieni dada zake Kuka, muangalieni Mark ndugu yake. Wanang'aa. Nani amewatumia?

Zeituni aliinama kupuliza makaa ambayo hayakuwa yanazima.

Onesmus alikuwa na miaka kumi na minne mama yao alipofariki, na baba alikuwa ametangulia. Aliachiwa watatu, na wa mwisho, Shantel, alikuwa na miezi minane. Mtoto yule alikataa kulala chini. Alilala mgongoni kwa Onesmus tu, amefungwa kwa leso ya mama yao, na Onesmus akafyatua matofali hivyo hivyo, ameinama, udongo hadi kwenye viwiko, mtoto akipumua shingoni mwake. Wavulana wa darasa lake walipopita wakienda shule walisimama ng'ambo ya njia kumcheka. Mwezi wa pili wakaacha kucheka, na mwezi wa tatu wakawa wanapita wakiangalia upande mwingine. Baadaye ikaja tanuri, na moshi, na miaka. Gentrix akasoma ushonaji. Mark akaenda kufundisha Kapsabet. Na Shantel, yule wa mgongoni, alikuwa anavaa joho Ijumaa hiyo.

— Kuka, Zeituni alimwita. Nani alikuambia neno?

Angeweza kusema hakuna. Lakini mama yule hakuuliza kwa kupeleleza, aliuliza kama anayesogeza kiti.

— Mwezi wa tatu nilimpelekea Shantel ndizi kule anakaa, Shirere. Mama mwenye nyumba akamwita kwa sauti, Shantel, toka, babu yako amekuletea ndizi. Akatoka. Nikajua atamwambia mimi si babu. Akasema tu, ndio, asante.

— Hakumrudi? Zeituni aliuliza.

— Hakumrudi. Nikaweka ndizi chini nikasema niko na haraka. Nilitembea mpaka hapa kwa miguu. Baiskeli nilisahau kwa ukuta wao. Niliirudia kesho yake wakati najua ako darasani.

Onesmus alizungusha kikombe mkononi.

— Sasa Ijumaa ndiyo mahafali. Nimemwambia kwa simu niko na kazi. Lakini jana nikafikiri, labda nikipaka hii, na nikinyoa ndevu, naweza kusimama huko nyuma na watu hawatamuuliza yule mzee ni nani.

Daktari aliigeuza tena pakiti mkononi, safari hii bila kuisoma. Akamrudishia.

— Dakika ishirini, alisema. Usizidishe, inachoma.

Wakati huo pikipiki ilisimama kando ya lami na msichana akashuka, amevaa sketi ndefu ya kijani, bahasha imebanwa kwapani. Onesmus alimjua kabla hajageuka, akasimama nusu, akakaa. Pakiti aliificha chini ya paja.

— Mulembe, wazee wangu. Mama Zeituni, assalaam aleikum.

— Waaleikum salaam, mwanangu. Kaa.

— Nitakaa. Ones, simu yako imezimwa tangu jana.

— Haina chaji.

— Ijumaa uko na kazi gani?

Onesmus aliangalia gurudumu chini ya turubai kana kwamba lingemjibia.

— Kuna baiskeli za watu.

Shantel alikaa kando yake kwenye ubao, na kwa kusogea, pakiti ikateleza ikaanguka miguuni pake. Akaiokota, akaisoma mbele na nyuma.

— Hii ni ya nani?

— Ni ya baiskeli, Netiweki alijibu haraka.

Hansadi alikohoa. Shantel hakucheka. Aliiweka pakiti ile magotini, mikono miwili juu yake. Onesmus aliona vidole vyake vikikunja pembe ya karatasi, na akakumbuka kwamba hata akiwa mdogo, akitaka kulia, alikuwa anatafuta kitu cha kukunja.

— Ni ile siku ya ndizi, alisema mwishowe.

— Ilipita hiyo.

— Haikupita. Ulisahau baiskeli. Mtu haezi kusahau baiskeli akiwa sawa. Nilikaa nayo ndani usiku mzima ili isiibiwe, nikijua utakuja asubuhi niongee na wewe. Ukaja nikiwa darasani.

— Shantel, wewe hukunikosea.

— Nisikize, Ones. Yule mama aliposema babu, nilitaka kumwambia hapana, huyu ni ndugu yangu. Lakini ndugu ni Mark. Ndugu ni mtu wa kupigania chapati. Nikataka kusema ni baba, nikaogopa utakasirika, kwa sababu hukutaka tukuite hivyo hata siku moja. Nilitafuta neno pale mlangoni, sikupata. Nikasema ndio, ili yule mama aende, tubaki sisi. Wewe ndiye ulienda.

Miezi yote ile Onesmus alikuwa amejiambia kwamba msichana alimwonea haya, wala yeye hakumlaumu. Angekuwa yeye labda angeona haya pia. Hakuwahi kufikiri kwamba unyamavu wa mtu unaweza kuwa na kitu kingine ndani yake. Aliinua mkono kumshika bega, akaona grisi, akaushusha. Shantel akauchukua na grisi yake, akaushika.

— Nilifikiri unaona haya, Onesmus alisema.

— Najua ulifikiri.

Zeituni alimpa msichana kikombe, akamimina hadi birika likaanza kutema masimbi. Ndiyo ilikuwa kahawa ya mwisho.

Shantel alifungua bahasha akatoa kadi mbili nyeupe na kalamu.

— Chuo kinataka hizi kabla ya saa sita. Moja ni ya Gentrix, tayari. Hii ni yako. Jina nimeandika. Hapa wameandika uhusiano, na hapa ndipo nimekwama tangu Jumatatu. Wazee wangu, hebu nisaidieni. Niandike nini?

Ubao mzima uliinama kuitazama kadi. Nafasi yenyewe ilikuwa ndogo, upana wa vidole vitatu.

— Andika mlezi, Daktari alianza, kisha akatikisa kichwa mwenyewe. Hapana. Mlezi ni neno la ofisi.

— Baba na mama, Hansadi alisema.

— Haitatosha hapo, Netiweki alimwambia. Na watauliza ni wangapi wanakuja.

Watu waliokuwa wamejua asubuhi yote kwa nini ngozi inapasuka, na miaka hugawanywaje mbinguni, walitazama nafasi ile ya vidole vitatu na hakuna aliyekuwa na neno la kuweka. Hansadi alikumbuka kila kitu kilichowahi kusemwa pale kijiweni, na hilo halikuwahi kusemwa. Zeituni alijifuta jicho kwa ncha ya mtandio, akasema ni moshi.

Onesmus ndiye aliyechukua kadi. Aliiweka kwenye goti, mbali na macho kidogo, akaona jina lake limeandikwa kwa mwandiko mzuri wa mtu aliyesoma. Alikaa nalo. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu hakuwa anafikiria uso wake.

— Andika kaka, alisema.

— Kaka tu?

— Kaka. Mimi ni kaka yako. Nilikuwa kijana nikikubeba, hawa wazee hawakuniona tu wakati huo.

Shantel aliandika. Herufi nne, polepole.

— Na miaka thelathini na sita, Onesmus aliongeza.

— Umri hawajauliza, Ones.

— Andika tu.