Mama Mkwe Alipanga Laini

Benchi letu liko mjini Kitui, ng'ambo ya barabara kutoka Jumla Kubwa, ile supamaketi ya vioo iliyofunguliwa mwaka wa tisini na moja na wakubwa wa Nairobi, waliosema wametuletea maendeleo na hawajatuambia wameyaweka rafu gani. Mimi hushona viatu upande mmoja wa benchi na Wakiuru huuza kahawa upande wa pili. Katikati hukaa watu wasio na haraka. Kuna Kivuva, tunayemwita Semina, kwa sababu akiwa karani wa ushirika alihudhuria semina zote na hajaturuhusu tusahau hata moja. Kuna Mulei, tunayemwita Daktari. Anauza dawa ya panya. Siku hiyo alikuwepo pia Muthama, keshia wa Jumla Kubwa, ambaye jina lake hapa ni Karibu Tena. Kampuni ilimfundisha kumwambia kila mteja, "Asante kwa kununua kwetu, karibu tena," huku akimwangalia machoni na kuonyesha meno. Amezoea mpaka Jumapili moja alimwambia hivyo mzee wa kanisa aliyempitishia sahani ya sadaka.

Alikuja na tai mkononi, uso umemshuka.

Daktari: Leo kampuni imekupa ruhusa ya kukaa? Si nyinyi hunywa chai mkiwa mmesimama kama punda?

Muthama: Nimesimamishwa kazi. Saa nane naingia kwa meneja. Sijui kama nitatoka na kazi.

Wakiuru: Uliiba?

Muthama: Ningeweka wapi? Mifuko ya suruali yetu kampuni ilishona yote. Nilijificha tu.

Ikabidi atueleze. Jana laini ilikuwa ndefu. Aliinua kichwa amwonyeshe mteja meno, akamwona mama mkwe wake, ametoka Kanyangi, ameshika kipande cha sabuni. Sasa, kwetu Wakamba mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Hiyo ndiyo nthoni. Wako vijana walioiacha, lakini Muthama alilelewa nayo huko Matinyani, na miaka sita ya ndoa akikutana na huyo mama njiani huingia kichakani mpaka apite. Katika supamaketi hakuna kichaka. Akaingia chini ya kaunta, na keshia mwingine akaitwa kumhudumia mama. Meneja Kinuthia, kijana wa Nairobi mwenye viatu ambavyo havijawahi kufika kwangu, alimkuta huko amekumbatia magoti.

Muthama: Akaniuliza, unaogopa mteja? Nikamwambia namheshimu. Akasema heshima ya kampuni ni kuangalia mtu machoni. Sasa anataka huyo mama aletwe, nimwombe msamaha, nimshike mkono, nimwangalie macho. La sivyo niende nyumbani.

Wakiuru: Si ufanye tu? Sisi tusio Wakamba tunasalimiana na wakwe, na dunia haijaisha.

Muthama: Mama Wakiuru, heri nilambe hiyo sakafu. Lakini nikirudi bila kazi, mke wangu Ndila na watoto watakula heshima?



Semina: Ngoja. Kila Jumatatu si mnaambiwa nyinyi ni familia moja?

Muthama: Familia ya kutupapasa mlangoni kila jioni.

Semina: Ndiyo hiyo. Inakujua vizuri kuliko mama yako. Sasa, ukiingia familia ya kampuni, ile yako umeacha nje. Tulifundishwa hiyo semina ya Machakos. Kwa hivyo duka ikiwa wazi, wewe huna mama mkwe. Ndoa yako inafunguliwa wakati duka inafungwa.

Daktari: Na mchana bibi yake anakuwa wa nani?

Semina akanywa kahawa kwanza.

Semina: Hapo hatukufika. Tulienda kula.

Daktari: Wewe na semina zako! Hii ni kitu ndogo. Ataazima miwani ya fundi wa kuchomelea. Ukivaa hiyo unaangalia na huoni. Kampuni imepata macho, nthoni imepata giza.

Wakiuru: Na mkono?

Daktari: Glavu. Ile ya kupulizia pamba dawa. Meneja atafikiri ni usafi.

Wakiuru: Atafikiri anataka kumpasua.

Semina: Aombe msamaha kwa simu ya posta.

Daktari: Huyo mama atatoa simu wapi? Sikia, sasa nimeipata. Kinuthia anajua uso wa mama mkwe? Hajui! Hiyo duka inaingiza wamama wangapi? Tukodishe mama mwingine!

Semina alimpa mkono, jambo ambalo hajawahi kumfanyia mtu ambaye hana cheti. Muthama alikuwa anaangalia barabara, halafu hakuwa mahali popote. Nilipoinama nilimwona chini ya benchi, nyuma ya gunia langu la soli, magoti kidevuni. Sasa alikuwa na uzoefu.

Mama mmoja wa makamo alikuwa amefika, leso kichwani, kiondo begani. Akaagiza kahawa, akakaa mwisho wa benchi. Daktari akamsogelea kama mtu aliyeletewa jibu la maombi.

Daktari: Mwaitu, mama yetu, karibu. Leo mchana una kazi?

Mama: Kazi gani?

Daktari: Kuwa mama mkwe wa kijana fulani. Kidogo tu. Unasimama kwa meneja wa hiyo duka, kijana anakuangalia, mnashikana mkono, unasema umesamehe.

Mama: Na mama mkwe wake mwenyewe ako wapi?

Semina: Huyo achana naye. Ndiye alileta hii shida yote! Mtu anatoka Kanyangi, anaona laini zote, anaenda kupanga ile ya mkwe wake. Hajawahi enda semina hata moja.

Mama aliweka kikombe chini. Akavuta leso mbele, akageuka akatupa mgongo. Kwenye kiondo niliona kipande cha sabuni, na jasho likanitoka kwa niaba ya wengine.

Mama: Huyo ni mimi.

Daktari akaanza kupanga upya pakiti zake za dawa ya panya.

Mama: Miaka sita huyo kijana ameoa kwangu. Nikijenga, analeta mabati. Nikiugua, analeta gari. Uso wake sijawahi kuona. Juzi jirani akaniambia, huko dukani kampuni inamlazimisha kusalimia kila mtu, hata mlevi, bora amenunua. Nikasema basi hapo hata mimi nitasalimiwa, na kosa halitakuwa lake, litakuwa la kampuni. Nikachukua sabuni. Sikuwa na haja ya sabuni, hata leo nimekuja kuirudisha.

Akaigusa sabuni ndani ya kiondo.

Mama: Sasa nyinyi mmesoma, niambieni. Nilikuwa ninunue nini ndio anisalimie?

Semina, na semina zake zote, alianza kuhesabu sarafu za kahawa. Wakiuru aliinamisha birika juu ya kikombe, yakatoka machicha. Mimi nilimhurumia yule mama mpaka nikakasirika, na sikujua nikasirikie kampuni au nthoni.

Ndipo sauti ikatoka chini ya benchi, nyembamba, lakini kwa mafunzo kamili:

Muthama: Asante kwa kununua kwetu. Karibu tena.

Mama hakugeuka. Mabega yalimcheza, na sijui kama alikuwa anacheka au analia.

Mama: Asante, mwanangu. Nitarudi.

Alijifunga leso upya, akabeba kiondo chake, akaniuliza mkubwa wa duka ni yupi. Nikamwonyesha kupitia vioo. Akavuka barabara bila kuangalia upande wowote, lori likamngoja.

Muthama: Ameenda?

Mimi: Ameingia dukani.

Muthama: Duka yetu? Anaongea na nani?

Mimi: Na Kinuthia wako. Amemwekea sabuni juu ya kaunta. Amemshika mkono na hamwachi. Anamwangalia machoni.

Muthama: Na Kinuthia?

Mimi: Kinuthia anaangalia viatu vyake.