Nyayo Zangu Katika Uwanja Uliofagiwa

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Wengi hushuhudia mambo ya usiku. Ushuhuda wangu ni wa saa sita mchana, jua la utosi, mahali ambapo hata kivuli changu nilikuwa nimekikanyaga.

Mnanijua. Ninafua shuka katika hoteli moja kule Bofa, na tangu nije kutoka bara nimeishi katika chumba cha kupanga. Nilitamani ardhi kama mwenye kiu anavyotamani maji. Dalali akanionyesha ekari moja ya pori nyuma ya Matsangoni, vichaka vitupu, akasema haijawahi kujengwa. Fedha taslimu sikuwa nazo, nikaomba mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo. Kwa wasiojua, niwaeleze polepole. Chama hutazama akiba yako, kisha hutaka wenzako wakudhamini kwa akiba yao. Ukishindwa kulipa, wao ndio hukatwa. Waliokubali kunidhamini ni mama wawili ninaofua nao, na wamo humu ndani asubuhi hii.

Nilifanya upekuzi katika ofisi ya ardhi. Hati ilikuwa halali na jina lilikuwa la muuzaji. Nikamshukuru Mungu, nikaenda peke yangu kuliona shamba langu.

Katikati ya vichaka nikakuta mahali pamefagiwa, ukubwa wa chumba. Mistari ya ufagio ilikuwa mipya, imenyooka, wala hapakuwa na unyayo hata mmoja. Sikuona nyumba wala moshi. Ndege walikuwa wamenyamaza. Nikaingia hadi katikati, nikasimama, nikahisi natazamwa, nikageuka kuondoka.

Siku mbili baadaye nilirudi. Pamefagiwa tena! Lakini nyayo zangu zilikuwepo zote. Ufagio ulikuwa umezizunguka moja moja, kwa uangalifu, kama mtu anavyompitia pembeni mtoto aliyelala. Niliona zinapoingia, zinaposimama, zinapogeuka. Ndugu zangu, mwili ulinisisimka juani.

Nilimpigia dalali simu. Akacheka. "Dada, nyinyi wa bara mkisikia upepo mnasema jini. Hundi inatoka Jumatatu, usinivurugie kazi."

Usiku ule sikuomba ujasiri wa kutia sahihi. Niliomba jambo moja tu: Bwana, nionyeshe mwenye ufagio.

Ijumaa, adhuhuri ileile, nikausikia kabla ya kuona kitu. Shwaa. Shwaa. Miguu ilitaka kukimbia, lakini nikasogea. Palikuwa na mwanamke mzee, ameinama, anafagia akirudi kinyumenyume, na kila alipokanyaga ufagio ulipafuta. Ndiyo maana hakuacha unyayo!

"Umerudi," akasema bila kugeuka.

"Shikamoo, Hawe," nikamwita, jinsi Wagiriama wanavyomwita bibi.

"Marahaba, mwanangu. Kwa hatua zile nilidhani u mwanamume. Kumbe ni viatu vya kazi."

Nikamuuliza mbona aliziacha nyayo zangu.

"Mgeni akiondoka hafagiliwi nyuma yake. Ukifagia, umemfukuza. Nami nilitaka urudi nikwambie unachonunua."

Akanionyesha kwa ncha ya ufagio. Hapa mumewe. Hapa na hapa, watoto wake wawili. Matuta ya makaburi yalikuwa yamesawazika na ardhi kwa miaka, na alama iliyobaki ni kufagia kwake. Muuzaji ni mtoto wa shemeji yake, aliyemlea kwa mikono yake. Alijiandikishia hati na hakumwambia mtu. Nyumba ya Hawe iko nyuma ya kichaka, ndani ya ekari ileile.

"Ukishanunua, mimi nitazikwa wapi?" akaniuliza. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama anayeuliza njia.

Hati huandika ukubwa na jina la mwenye shamba. Haiandiki waliolala chini yake. Nilipanda bodaboda, nikafika ofisi ya chama wakifunga madirisha, nikaandika barua ya kusimamisha hundi. Dalali alinitukana hadi simu ikaisha chaji. Lakini akiba ya mama zangu wawili ilifunguliwa bila kuguswa. Haleluya!

Ukoo ulimwita yule muuzaji, na ile ekari haikuuzwa. Miezi ikapita, mkwe wa Hawe akaniuzia nusu ekari karibu na barabara. Safari hii nilitembea mipaka na majirani, tena wale wakongwe, na familia nzima ikaja mbele ya bodi ya ardhi kukubali. Mkopo naulipa kidogo kidogo. Wewe unayenunua kwa mara ya kwanza, usiogope, ila usikimbie. Anza na miguu, kisha karatasi.

Nakushukuru, Bwana, uliyenitisha ili uniokoe. Na wewe uliyetoka kwake siku nyingi, ukadhani amekusahau: nenda ukatazame mahali uliposimama mara ya mwisho. Hajafagia. Anataka urudi.